Maili za Reijo

Mezani jikoni, kando ya mkate mweusi na siagi,
Reijo ametandaza dunia nzima, penseli sikioni,
kama seremala aliyeitwa kupima mlango
wa nyumba ambayo hajawahi kuingia.
Saa tisa alasiri, Tampere imeshakuwa giza.
Ziwa limeganda tangu wiki iliyopita.

"Laki sita na arobaini elfu," ananiambia,
"na Machi ikiisha, zinaoza."
Anazitaja maili kama mtu anayetaja samaki.

Miaka thelathini na mmoja aliuza vipuri
vya mitambo ya karatasi. Popote mti ulipokatwa
ukasagwa ukawa daftari, Reijo alikuwapo,
na mkoba, na tai ya bluu,
na kadi ya shirika la ndege iliyobadilika rangi
kadiri nywele zake zilivyobadilika:
kwanza fedha, halafu dhahabu, halafu nyeusi
(nywele zilikwenda kinyume).

Haba na haba, kibaba kimejaa.
Lakini kibaba cha nani?
Mimi nilikuwa na beleshi la theluji.
Nilikuwa na Aino na homa yake ya usiku wa manane,
na bomba lililopasuka sikukuu ya wafu,
na kwenye harusi ya dada yangu, kiti cha pembeni
nilichokitundikia koti langu
kisije kikaonekana kitupu.
Kila maili aliyoruka yeye
mimi niliikaa.
Kwa maili za kukaa hawatoi kadi.

Sheria ananisomea taratibu, kama mkataba wa amani:
vituo vitano, si zaidi;
bahari ukishaivuka, umeivuka;
kurudi nyuma hairuhusiwi.
"Hata ukiwa umesahau kitu?" nauliza.
Hakusikia. Anachora:
Helsinki, Lisboni, São Paulo, Santiago,
kisha mstari mrefu unaopita juu ya maji matupu
mpaka Osaka, halafu nyumbani.

Dakika arobaini na saba anasikiliza kinanda cha simu.
Anajibu kijana, jina lake Rodel, yuko Manila,
kwao kumekucha sasa hivi.
Kiti kimoja kipo, anasema. Cha pili hakipo.
Cha pili kipo Jumanne. Jumanne cha kwanza hakipo.
Reijo anafuta, anaandika, anafuta,
karatasi imechoka hadi inapitisha mwanga.

Nampokonya penseli.
"Usiku ule wa homa ya Aino, ulikuwa wapi?"
Anatazama dirishani, ambako hakuna kitu
isipokuwa sisi wawili, taa, na kabati la vyombo.
"Concepción," anasema. "Kulikuwa na mvua.
Ulipokata simu nilikaa nayo sikioni
mpaka mhudumu wa hoteli akagonga."
Hili sikulijua.
Naandika Concepción. Nafuta Osaka.
"Osaka ndiyo inayolipa gharama za safari nzima!"
"Basi tutalipa sisi."

Rodel anapiga hesabu. Tunasikia vidole vyake.
Kodi, mafuta, ada ya uwanja: euro mia nane na kumi na mbili,
kwa kitu cha bure.
Tunalipa kwa kadi yangu.
Februari, kijana wa jirani atazoa theluji.

"Vinalala vitanda kabisa," Reijo anajisifu,
naye ananyoosha miguu chini ya meza kunionyesha.
Safu ya tano, viti viwili vya katikati.
Natazama picha: vitanda viwili
vya mtu mmoja mmoja,
na katikati ukuta wa plastiki, rangi ya maziwa.
Miaka thelathini na mmoja, na zawadi ndiyo hii.

"Ukuta unashuka," anasema haraka. "Kuna kitufe."

"Kiko upande wa nani?"

Anamuuliza Rodel.
Rodel anatuomba tusubiri.
Kinanda kinaanza tena.